Uzi wa nyuzi: charango, kwatro, tiple na ndugu zao wa Amerika Kusini, na kwanini ukivityuni kama gitaa vinakukatalia

Baharia wa Nchi Kavu (mwanzisha uzi)

Wakuu habari za jumapili. Jana saa sita usiku nimekata uzi wa charango ya watu na mwenyewe bado hajui, amelala huko baada ya shift ya usiku, na huku Hispania jumapili maduka ya vyombo vya muziki yamefungwa, kwahiyo naandika huu uzi huku natetemeka nasubiri kesho.

Niwape picha. Naishi nyumba moja na jamaa wawili, mmoja Mbolivia wa Cochabamba mwingine Mperu wa Ayacucho. Mbolivia ana charango yake kaitundika ukutani juu ya tv. Charango kwa wasioijua ni kidude cha nyuzi, urefu wote sentimita sitini na kitu hivi, kiuno kama cha gitaa lakini ukikiona kwa mbali unadhani cha mtoto. Mimi nilipiga ridhim kwenye bendi huko Morogoro kabla ya kuja kutafuta maisha, nikajua gitaa ni gitaa tu. Nikaishusha.

Sasa ina nyuzi 10, zimekaa mbili mbili, jozi tano. Nikagonga jozi moja moja kuanzia juu. Ya kwanza sawa, mbili zinalia sauti moja. Ya pili sawa. Ya katikati, loh, uzi mmoja mwembamba mwingine mnene, na ule mnene unalia chini kabisa. Nikasema huyu jamaa kumbe alikosea kuweka nyuzi na hajagundua miaka yote, ngoja nimsaidie. Nikaanza kuukaza ule mnene ili ufanane na mwenzake. Nakaza, nakaza, unapanda, ukuni unaanza kulia kriii, mimi bado nakaza tu, TAA! Umenipiga juu ya jicho. Alama ninayo mpaka sasa.

Nimekuja kusoma na kumuuliza yule Mperu (huyu nimemwambia, tumekula njama) ndio ananieleza huku anacheka mpaka anashika ukuta. Charango inatyuniwa kutoka juu: sol, do, mi, la, mi. Ile jozi ya katikati ni mi mbili lakini moja iko okteva moja chini ya mwenzake (noti ileile ila kwa sauti nzito), MAKUSUDI. Na ule mnene ndio uzi wenye sauti ya chini kuliko zote kwenye chombo kizima. Yani besi wameificha katikati kama bibi anavyoficha hela kwenye godoro. Mimi nilikua naupandisha okteva nzima, hata ungekua wa chuma ungekatika.

Sasa tangu jana nimechimba na nimegundua hii tabia ya kuficha uzi mnene sio ya charango peke yake. Nina madini, kama kuna watu niendelee.

Kiroboto wa Ilala

Mkuu hiyo si ukulele tu mnaikuza jina

Dada wa Segerea

Nimekaa siti ya mbele na karanga. Endelea. Na huyo Mbolivia akiamka utuambie

Baharia wa Nchi Kavu

Kiroboto haujakosea sana ndio maana sikutukani 😂. Ukulele ni sol do mi la, charango ni hivyohivyo ukiongeza jozi ya mi chini, kwahiyo mtu anayejua kodi (zile noti za kupiga pamoja) za ukulele akishika charango vidole vinapata njia fasta. Lakini ukulele ni mtoto wa juzi, Wareno wa kisiwa cha Madeira ndio walishuka Hawaii mwaka 1879 na meli inaitwa Ravenscrag wakiwa na vigitaa vyao vidogo, Wahawaii wakavipenda. Charango ilikua kwenye milima ya Andes zamani kabla ya hapo. Pale Potosí, mji wa madini ya fedha ambao Wahispania waliuvamia kuanzia 1545, kuna kanisa la San Lorenzo, mlangoni wamechonga nguva kwenye jiwe wameshika vigitaa vidogo, na hiyo kazi ni ya karne ya 18. Nguva mlangoni kwa kanisa, fikiria. Kwahiyo ni mtu na binamu yake, bibi yao mmoja yuko Hispania na Ureno, wajukuu kila mmoja kaolewa kwake.

mzee_wa_porini

Nimesikia hiyo kitu wanatengeneza kwa kakakuona, ni kweli? Maana kakakuona kwetu akionekana ni habari ya mkoa mzima

Baharia wa Nchi Kavu

Sio kakakuona wetu mzee, ni armadilo, wale wa kule wenye gamba gumu mgongoni kama ngao, wenyewe wanamuita kirkinchu. Zamani ndio, gamba lake ndio lilikua mgongo wa charango, unageuza nyuma unaona na vinyweleo bado vipo. Siku hizi zinachongwa kwa mti, na huyo wa milimani biashara yake kuvuka mipaka imezuiwa, ukinunua ya gamba ukapita nayo airport unajitafutia kesi. Na wapigaji wengi wanasema ya mti inalia vizuri kuliko ya gamba, gamba ni la kuwauzia watalii. Ya huyu jamaa yangu ni ya mti, imetoka Aiquile, kamji kako huko mkoa wa Cochabamba ambako kuchonga charango ndio kazi ya mji na wana tamasha lake kila mwaka.

Fundi Randa

Hapo kwenye kuchonga ndio pangu. Inaungwa vipande kama gitaa au?

Baharia wa Nchi Kavu

Hapana fundi, ile ya asili ni gogo moja. Bakuli la nyuma, shingo mpaka kichwa kinapokaa vigingi, vyote ni mti mmoja umetobolewa, kinachogundishwa ni ule ubao mwembamba wa mbele na ubao wa vidole. Kuna za mgongo wa bapa zilizoungwa kama gitaa pia, hasa upande wa Peru.

Fundi Randa

Basi huyo fundi ana roho. Gogo moja likiwa halijakauka sawasawa linapasuka mwezi wa tatu ukiwa umeshalipwa, unarudisha hela ya watu. Mimi ningekausha mwaka mzima ndio niguse patasi.

Bi Risha

Wanangu nimepita nikaona jina la uzi nikadhani ni taarabu, kumbe ni ya mbali lakini nimesoma yote. Mimi ni wa Unguja, udi nimeupiga tangu msichana. Haya ya gogo moja si mageni kwetu, gambusi la wazee lilikuwa hivyo hivyo, gogo moja la kuchimba, usoni likavikwa ngozi badala ya ubao. Limetoka Yemeni, na Ngazija wanalo mpaka leo. Na nyuzi za mbili mbili ndiyo udi wenyewe huo, ila sisi jozi zinalia sauti moja, hatufichani.

Wahispania nao udi waliupokea kwa Waarabu walipokuwa Andalusi, hata jina lao la laúd ni al-udi hiyo hiyo. Kwa hivyo mkiona watu wa milimani huko mwisho wa dunia wanapiga nyuzi za jozi msishangae sana.

Na wewe kijana, uzi haukazwi kwa macho, unakazwa kwa sikio. Ukiona kigingi kinalia acha. Nani alikufunza?

Baharia wa Nchi Kavu

Shikamoo mama. Hakuna aliyenifunza ndio tatizo lenyewe 🙏

Bi Risha

Marahaba. Endelea, ila ulegeze hizo zilizobaki kidogo mpaka upate uzi mpya, usiache mvuto wa upande mmoja.

Baharia wa Nchi Kavu

Nimelegeza mama. Sasa twende Venezuela.

Kazini kwetu jikoni kuna dada wa Venezuela, leo asubuhi nikamsimulia msala wangu akaniambia njoo uone yetu. Yao inaitwa kwatro, maana yake nne, nyuzi nne moja moja, umbo la gitaa limepunguzwa. Akanifundisha kutyuni kwa wimbo, kila Mvenezuela anaujua tangu shule, unaimba "cam-bur pin-tón", silabi nne kwa nyuzi nne: la, re, fa diyezi (fa iliyopandishwa kidogo), si. Cambur pintón ni ndizi inayoelekea kuiva, ile yenye kijani na njano. Watu wa Bukoba na Moshi mpo? Taifa zima linatyuni kwa ndizi.

Ila sasa sikiliza hiyo silabi ya mwisho, "tón". Inashuka! Kwenye gitaa uzi wa mwisho chini ndio mwembamba na ndio unaolia juu kuliko wote. Kwenye kwatro huo wa mwisho, si, umeshushwa okteva nzima, kwahiyo unaolia juu kuliko wote ni wa tatu kutoka juu. Tena ile ile, wamekuchanganya makusudi. Nikamuuliza kwanini, akachukua akapiga shwaa kushuka shwaa kupanda, akasema sikia, ukishuka au ukipanda sauti ni ileile imejaa, hakuna mwanzo wala mwisho. Hapo ndio nikaelewa. Hivi vyombo sio vya kupiga besi ukashuka na noti moja moja kama solo wa dansi, hivi ni ngoma yenye nyuzi. Noti zote zimebanwa karibu karibu, mkono unakwenda juu na chini na kila baada ya mapigo kadhaa mpigaji anazima nyuzi kwa kiganja inatoka CHAK kavu. Kwenye joropo, muziki wa mbugani huko wanakochunga ng'ombe, kwatro na manyanga ndio mwendo, besi na melodi anazo mwenye kinubi. Kinubi chao kina nyuzi kama 32 na mkono wa kushoto unapiga besi kama mtu anafukuzwa.

Kuna mahali kinubi hakipo anakaa mtu wa bandola, ya nyuzi nne pia lakini umbo la pea na inapigwa kwa kipande mkononi, Bi Risha wewe ungesema risha. Anselmo López ndio jina kubwa la hiyo bandola ya mbugani. Na kwatro aliyeifanya ipande jukwaani peke yake kama chombo cha heshima ni Fredy Reyna, kabla ya hapo watu waliona ya kusindikizia tu.

Otieno Msafiri

Wadau salamu kutoka Kisumu. Lakini cuatro niliyoona kwa video ilikuwa na nyuzi kumi, na za chuma. Huyo dada amekupima akili

Baharia wa Nchi Kavu

Hiyo ni ya Puerto Rico boss, visiwani, jina moja chombo kingine kabisa. Imeitwa nne halafu ina kumi, ziliongezwa baadae jina likabaki. Ukienda Kolombia utachanganyikiwa zaidi, kuna bandola ya milimani ambayo sio bandola ya mbugani, hii ya milimani ina nyuzi nyingi na Pedro Morales Pino ndio aliyeiongezea kundi la sita la nyuzi, mwisho wa karne ya 19 huko.

Na hapohapo Kolombia kuna hiki ninachokipenda kuliko vyote ingawa sijawahi kukishika: tiple. Nyuzi 12 za chuma, makundi manne, kila kundi TATU. Mpangilio ni re sol si mi, sawa na nyuzi nne za chini za gitaa. Kundi la mi zote tatu sauti moja. Mengine matatu, ule wa katikati ni mnene, uko okteva chini, na pembeni yake wembamba wawili kama mzee kashikwa mkono na wajukuu. Ukipitisha kucha mara moja unasikia kama mvua inaanza kwenye bati. Nimeisikiliza usiku kucha badala ya kulala.

Mnaona sasa? Charango mnene yuko katikati ya chombo. Kwatro aliyeshushwa okteva yuko chini pale ulipomtegemea mwembamba. Tiple yuko katikati ya kila kundi. Nchi tatu na wote wamemficha mzee.

Kiroboto wa Ilala

Nimerudi. Nakubali sio ukulele. Ila hao Wabolivia na Waperu mbona kila mmoja anasema charango ni yake

Baharia wa Nchi Kavu

😂😂 Hiyo vita iko sebuleni kwangu. Wiki mbili zilizopita tumekaa tunakula supu ya viazi Mperu akasema kwa sauti ya upole kabisa "charango yetu". Mbolivia akaweka kijiko chini. Akaanza: Potosí! Mperu: Ayacucho! Mbolivia: mpiga charango wetu Ernesto Cavour, na museum yake La Paz! Mperu: na sisi tuna Jaime Guardia! Mbolivia akatoka na simu kuonyesha video, Mperu na yeye. Supu imepoa.

Wanachopigania kiukweli ni mitindo miwili. Ya Ayacucho inadonolewa, melodi inatembea kwa noti na nyuzi za chuma zinalia kama kengele ndogo. Mbolivia wa mjini anapiga nailoni na anaparaza, kucha zote zinapita kwa kasi mpaka huoni vidole. Na enzi hizo hakukua na Bolivia wala Peru, ilikua koloni moja la Mhispania, nyumbu (wale chotara wa punda na farasi) wanapita na mizigo ya fedha kutoka Potosí kwenda pwani, nani angesema kigitaa ni cha upande gani wa mpaka ambao haujachorwa?

Otieno Msafiri

Hiyo ni kama nyinyi na Kilimanjaro. Mlima ni wenu, picha ni zetu

Dada wa Segerea

Otieno usitutoe kwenye mada 😂😂 mlima utaona wivu tu

mzee_wa_porini

Na Brazili je? Nako ni gitaa za siri?

Baharia wa Nchi Kavu

Brazili walipata ya Wareno. Mjini ni kavakinyo, nyuzi nne, re sol si re, bila hiyo samba haikai sawa. Waldir Azevedo ndio alikitoa kwenye kusindikiza kikawa solo.

Shamba ni viola kaipira, nyuzi 10 jozi tano, chombo cha wachunga ng'ombe na wakulima wa ndani. Jozi za juu nazo mnene na mwembamba. Wanaityuni ili ukipiga wazi bila kushika kitu kodi iwe tayari, na kila tyuni ina jina na hadithi. Moja inaitwa cebolão, kitunguu kikubwa, wanasema wanawake wakiisikia wanatoa machozi kama wanamenya kitunguu. Nyingine rio abaixo, kushuka na mto, kwamba shetani alikua anashuka mtoni kwa mtumbwi anapiga hiyo tyuni anavuta wasichana. Na wapigaji wanaweka njuga ya mkia wa nyoka ndani ya tumbo la viola, ile inayolia chachacha, ili sauti ing'ae na hasidi asiwadhuru. Tião Carreiro ndio mfalme wa hiyo viola, alifariki 1993.

Fundi Randa, hii yako: Mato Grosso, kwenye madimbwi ya Pantanal, kuna viola ya cocho. Cocho ni hori la kulishia ng'ombe, lile la gogo lililochimbwa. Fundi anachimba gogo namna ileile ya hori ila kwa umbo la viola, anafunika ubao mwembamba. Nyuzi tano, zilikua za utumbo wa wanyama, siku hizi wanafunga mshipi wa kuvulia samaki. Serikali ya Brazili ikaandikisha utengenezaji wake kama urithi wa taifa 2005.

Fundi Randa

Mshipi wa kuvulia!! Basi hapa Mwanza tuna kiwanda kizima cha nyuzi na hatujui

Bi Risha

Haya ya njuga na shetani mnacheka, kila penye maji na nyuzi pana majini wake.

Baharia wa Nchi Kavu

Mama umenigusa. Kule Canas, mkoa wa Cusco, Peru, vijana wanaotafuta mchumba wanapiga charango za mgongo bapa, nyuzi za chuma, na charango ikiwa mpya inapelekwa usiku kwenye chemchemi inaachwa hapo nguva aityuni. Asubuhi unaichukua, hakuna msichana atakayekukatalia. Sasa rudi kwenye ule mlango wa kanisa la Potosí.

Na mama yake huyu jamaa yangu ni wa kaskazini mwa Potosí, vijijini. Huko charango ina msimu! Kiangazi na baridi ndio wakati wake. Mvua zikianza, kuanzia sikukuu ya wafu novemba mpaka karnivali (sherehe za kabla ya Kwaresima), inawekwa, wanatoa filimbi za mti na gitaa lao jingine la kijijini. Ukipiga charango kipindi cha mazao unaita baridi kali, viazi vinaungua na theluji shambani. Jamaa alinisimulia kama utani lakini nimeangalia, tangu novemba mpaka karnivali ile charango ilikua ukutani tu.

Dada wa Segerea

Chile hujaisema, nina shemeji yuko huko

Baharia wa Nchi Kavu

Chile mwambie shemeji aende Pirque nje ya Santiago atafute gitaroni. Nyuzi 25! Hesabu na mimi: kwenye shingo makundi matano, sita, tano, nne, tatu, tatu, hizo 21. Zinabaki nne fupi, mbili kila upande, nje ya shingo, haziguswi na vidole vya kushoto, wanaziita vishetani. Ndani ya kila kundi okteva zimechanganywa, na pale utamtafuta mnene mpaka uchoke. Anapiga mshairi akiimba beti za mistari kumi, mashairi ya Mungu au ya dunia, wanajibizana usiku mzima, watu wa malenga mtaelewa. Santos Rubio wa Pirque alikua kipofu na anazityuni zote 25 kwa sikio. Mimi nimeshindwa moja nikiwa na macho mawili.

Paragwai nitaipita haraka: kinubi, nyuzi 36, kinapigwa kwa kucha, ni chombo cha taifa. Peru nao wanacho, kwenye maandamano ya sikukuu mtu anakigeuza juu chini anakiweka begani anatembea nacho huku anapiga.

Ngoja, mlango wa chumbani umefunguka.

Dada wa Segerea

MUNGU WANGU

Kiroboto wa Ilala

Live live tupe

Baharia wa Nchi Kavu

Jumatatu saa mbili usiku. Niko hai.

Jana alitoka, akaangalia ukutani, akaangalia jicho langu, hakuuliza kitu. Akasema "ya tatu?" Nikasema ya tatu. Akasema na yeye aliikata hiyohiyo akiwa na miaka tisa, baba yake hakumpiga ila alimfanya aimbe noti ya kila uzi wiki nzima kabla ya kugusa tena.

Leo nimenunua seti nzima, nimefunga ule mnene mwenyewe, nimekaza kwa sikio kama mama alivyosema, polepole, mi ya chini imekaa. Nikampa kwa fahari. Akapiga mara moja, akatikisa kichwa kuwa sawa, alafu akaanza kuvizungusha vigingi vyote nikabaki mdomo wazi. Anasema jumamosi kuna sherehe ya watu wa kwa mama yake, wanapiga kwa tyuni nyingine.

Kwahiyo kodi zote nilizojifunza jana hazipo tena. Bi Risha, unasema ulianza udi ukiwa na miaka mingapi?

Bi Risha

Kumi na moja. Na wiki ya kwanza nilikata tatu.